Mtoto wa Kabambare anapobadili masomo chuoni

Matokeo ya mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ule ambao Kongo nzima inauita EXETAT, yakitoka, Kabambare, kusini mwa mkoa wa Maniema, husherehekea sawa na Kinshasa. Waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani, huzungushwa mtaani kwa nyimbo, na wenye pikipiki hupiga honi mpaka giza liingie. Shangwe zikishapoa huja swali ambalo jibu lake mara nyingi halitoki kinywani mwa mtoto mwenyewe: utasoma nini? Baba mdogo anataka sheria, kwa sababu ukoo uliwahi kushindwa kesi ya shamba kwa kukosa mtu wa kuandika hati. Mjomba anayefanya biashara Kasongo anataka uchumi. Mama anataka udaktari, maana amezika. Mtoto anaitikia, kwa kuwa hao ndio watakaolipa.

Anakwenda. Miezi michache baadaye, akiwa kwenye benchi la ukumbi uliojaa wenzake, anatambua kwamba masomo aliyopewa hayamwingii, au yanamwingia lakini hajioni akiyafanyia kazi maisha yake yote. Wakati mwingine ni kinyume chake: amepita kwenye ukumbi wa jirani, amesikia somo jingine likifundishwa, na tangu siku hiyo moyo wake uko huko. Anaanza kuuliza kwa sauti ya chini: naweza kuhama?

Anaweza, na kama sababu anayo, anapaswa kuhama. Nalisema hili wazi kwa sababu kusini mwa Maniema kuhama kitivo huhesabiwa kuwa kushindwa, na kijana anayehama hutazamwa kama aliyekula fedha za watu. Nimewasikiliza wazazi na wanafunzi wa kwetu wakizungumza juu ya jambo hili kwa uchungu, kila upande ukiwa na haki yake. Ninachokiona ni kwamba kuhama kwenyewe hakujamharibia mtu maisha. Kinachoharibu ni kuchelewa kuhama, na kuhama kwa kificho.

Kosa huanza kabla ya chuo

Watu humlaumu mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kana kwamba alikuwa na uhuru wa kuchagua. Tuangalie alivyofika pale. Sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inampa mtoto wa Kongo miaka 8 ya elimu ya msingi, kisha miaka 4 ya sekondari ya juu yenye mchepuo maalumu: pedagojia, kemia na biolojia, hisabati na fizikia, biashara na usimamizi, Kilatini na falsafa, masomo ya ufundi. Kwa hiyo mtoto wa miaka 14 hivi anatakiwa kujua anaelekea wapi.

Hata hilo lingevumilika kama michepuo yote ingekuwepo. Katika vijiji vilivyo kando ya mto Luama, au kule kunakopakana na Fizi, mtoto husoma mchepuo ambao shule ya karibu inao. Na shule ya kijijini huwa na pedagojia, kwa sababu pedagojia inahitaji mwalimu, ubao na chaki. Kemia inahitaji maabara, na maabara inahitaji fedha, maji na vifaa ambavyo vikivunjika vitapatikana mbali sana. Hivyo kijana mwenye akili nzuri ya kupima na kuhesabu anatoka sekondari na diploma ya pedagojia, hajawahi kuona kimiminika kikibadilika rangi ndani ya chupa ya maabara. Akipelekwa kitivo cha udaktari kwa sababu mama anautaka, anakaa karibu na mwenzake wa Bukavu au Lubumbashi aliyeyafanya hayo kwa miaka minne. Anaanguka. Nyumbani wanasema kichwa chake kizito.

Kuna wanaosukumwa nje ya kitivo na kuna wanaovutwa kwenda kingine, na hawa wawili tusiwachanganye. Anayesukumwa ni yule aliyeanguka, akadubla mwaka uleule, akaanguka tena, akaambiwa atafute pengine. Huyo huondoka amechoka, amepoteza miaka miwili, na mara nyingi huingia kitivo chochote kitakachompokea, bila kuuliza kama kinamfaa. Anayevutwa anaondoka angali na nguvu. Alama zake si mbaya, ila ameona kwamba kazi yake iko kwingine. Jamii yetu humwonea huruma wa kwanza na kumkasirikia wa pili, anayeacha kitu ambacho angekimaliza. Mimi ningetaka wote wafanane na huyo wa pili, wahame wakiwa bado wana uwezo wa kuchagua.

Fani ina mji wake

Mwanafunzi wa Kinshasa akihama kutoka sheria kwenda uchumi huvuka uwanja wa chuo. Anarudi jioni kulala kitanda kilekile. Kwa mtoto wa Kabambare kuhama kitivo ni safari nyingine kabisa, na hapa ndipo uzito wa jambo ulipo.

Mji wa karibu wenye chuo kikuu ni Kasongo. Kama fani anayoitaka haipo Kasongo, ataitafuta Kindu, yapata kilomita 240 kuelekea kaskazini, kwa barabara ambayo msimu wa mvua huamua nani afike na lini. Isipopatikana huko, ni Kisangani kwa kufuata mto, au Lubumbashi kwa reli ya SNCC ambayo abiria wake hujifunza subira. Zamani wengi wangetaja Bukavu. Tangu Februari 2025, mji huo ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, mzazi wa Maniema anafikiri mara nyingi kabla ya kumpeleka mtoto upande huo.

Kwa hiyo kijana akisema anataka kuacha usimamizi aingie kilimo, familia inasikia kitu kingine: chumba kipya cha kupanga, sufuria mpya, mwenyeji mpya wa kumwangalia akiugua, na nauli. Ada yenyewe, minervali kama tunavyoiita, huenda isizidi ile ya kwanza. Kinachozidi ni maisha ya mji wa ugeni.

Hali hii ina historia, na historia yenyewe ni ngumu. Wabelgiji waliacha vyuo vikuu viwili: Lovanium ya Kinshasa, iliyoanza 1954, na kile cha Elisabethville, leo Lubumbashi, kilichofunguliwa 1956. Cha tatu, cha Waprotestanti, kilianza Stanleyville, yaani Kisangani, mwaka 1963. Juni 1971 wanafunzi wa Lovanium waliandamana kuwakumbuka wenzao waliouawa tarehe 4 Juni 1969, na Mobutu akawaingiza jeshini kwa nguvu. Agosti mwaka huohuo vyuo vyote vitatu vikaunganishwa kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa, UNAZA, na vitivo vikagawanywa kwa miji. Sheria, uchumi na udaktari vikakaa Kinshasa. Fasihi na sayansi ya jamii vikapelekwa Lubumbashi, ambako mwandishi V.Y. Mudimbe alifundisha miaka hiyo. Saikolojia na elimu vikawa vya Kisangani, na kilimo kikawa cha Yangambi.

Aliyekuwa amechagua chuo kwa sababu ya ndugu mjini akajikuta amepewa mji mwingine na serikali. Aliyetaka kubaki mjini kwake akalazimika kuacha fani. Mfumo huo ulidumu miaka kumi, hadi 1981 vyuo vitatu viliporudishiwa uhuru wake, lakini mazoea ya kufikiri kwamba kila fani ina mji wake yamebaki. Na Maniema haikuwa na hata kimoja kati ya vitatu hivyo. Watoto wake walisoma ugenini sikuzote, na ndiyo maana Chuo Kikuu cha Kasongo na Chuo Kikuu cha Kindu ni vitu vya thamani kubwa kwetu hata pale ambapo fani zake ni chache. Kila fani mpya inayofunguliwa Kasongo ikiwa na walimu wa kweli inawapunguzia wazazi wa Kabambare safari moja. Nasema walimu wa kweli kwa makusudi, kwani fani inayomsubiri mwalimu mgeni aje afundishe kwa wiki mbili na kuondoka humchelewesha mwanafunzi kuliko barabara mbovu.

Mhandisi ambaye hakuwa

Anayeamini kwamba kubadili masomo ni dalili ya mtu asiyejijua namwomba amtazame jirani yetu wa Kivu Kusini, Dokta Denis Mukwege.

Alizaliwa Bukavu mwaka 1955, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste. Mwenyewe ameeleza mara nyingi jinsi alivyokuwa akimfuata baba yake kuwaombea wagonjwa, na jinsi siku moja alivyouliza kwa nini baba anaomba tu bila kumpa mtoto mgonjwa dawa. Jibu lilikuwa kwamba dawa ni kazi ya waganga waliosomea. Tangu hapo alitaka kuwa mmoja wao. Alisoma kemia na biolojia katika Institut Bwindi ya Bukavu na kupata diploma yake 1974.

Kwa mtu mwenye nia ya mapema namna hiyo, mtu angedhani njia ilikuwa imenyooka. Haikuwa. Miaka miwili ya kwanza ya chuo aliitumia Kinshasa katika kitivo cha uhandisi. Mwaka 1976 akaacha, akavuka mpaka kwenda Burundi, akaanza udaktari Bujumbura mwanzo kabisa. Alimaliza 1983. Tuihesabu kama ambavyo baba mdogo wa Kabambare angeihesabu: miaka miwili imekwenda, mji mkuu umeachwa kwa mji wa nchi ya kigeni, na kijana anaingia darasa la wanaoanza akiwa na umri wa miaka 21. Katika kikao cha ukoo hesabu hiyo ingemtia mtu hatiani.

Tena hakuishia hapo. Alikusudia kuwa daktari wa watoto. Kazi yake ya kwanza ilikuwa hospitali ya Lemera, na huko akakuta wanawake wakiletwa wamechoka kwa uchungu wa kuzaa, wengine wakifa kwa mambo ambayo mkunga na chumba cha upasuaji vingeyazuia. Akabadili tena. Alikwenda Angers, Ufaransa, akasomea magonjwa ya wanawake na uzazi, kisha akarudi Lemera. Hospitali hiyo ilishambuliwa tarehe 6 Oktoba 1996, wagonjwa na wauguzi wakauawa. Mwaka 1999 alianzisha hospitali ya Panzi, ambako wanawake waliobakwa vitani wametibiwa kwa maelfu, wakiwemo waliotoka Maniema. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Na bado alirudi shuleni: shahada ya udaktari wa falsafa aliipata Brussels mwaka 2015, akiwa na miaka 60.

Ninachoomba msomaji akione ni mpangilio wa mabadiliko yale. Mara ya kwanza alirudi kwenye kitu alichokitaka tangu utoto. Mara ya pili alifuata kile ambacho kazi yenyewe ilimwonyesha. Hakuna mara aliyohama kwa kuchoka tu. Na hakungoja amalize uhandisi ndipo aanze udaktari, kama wanavyoshauriwa vijana wengi wa kwetu: maliza kwanza hiki, upate karatasi, halafu utafute unachokipenda. Ushauri huo unaonekana wa busara. Kwa utaratibu wa zamani wa gradua miaka mitatu na lisansi miaka miwili, ulimfunga kijana miaka mitano kwenye kitu ambacho hatakifanyia kazi.

Hata Julius Nyerere alibadili masomo: kabla ya kuiongoza Tanganyika, alifundisha biolojia Tabora. Alipofika Edinburgh mwaka 1949 alianza na kozi fupi ya kemia na fizikia, kisha akajiunga na kitivo cha sanaa, akasoma uchumi, historia na falsafa, na kuhitimu 1952.

Fedha za watu wengi

Sasa turudi kwenye kikao cha ukoo, kwa sababu huko ndiko masomo ya mtoto wa Kabambare yanakoamuliwa, na wazee wanaokaa pale si wakatili.

Tanzania ina Bodi ya Mikopo, HESLB, iliyoanza kazi 2005. Kenya ina HELB tangu 1995. Mwanafunzi anayekopa huko anabadili masomo akibishana na ofisi, na deni ni lake. Kwetu mlipaji ni watu. Ni mama aliyepokea zamu yake ya likelemba, ule mchango wa zamu, akaitoa yote. Ni kaka aliyesukuma baiskeli yenye madumu ya mawese kutoka kijijini hadi sokoni. Ni magunia ya mpunga, ni mbuzi, ni ndugu anayechimba dhahabu Salamabila na kutuma anachopata. Kila mmoja wao amejinyima kwa ajili ya picha fulani aliyonayo kichwani: mwanasheria wetu, daktari wetu. Kijana anapobadili fani, anaibadili picha hiyo bila kuwauliza wenyewe. Hasira yao naielewa kabisa.

Kwa sababu anaiogopa hasira hiyo, kijana huficha. Hili ndilo jeraha kubwa. Anahamia fani nyingine kimya kimya na kuendelea kutuma salamu za sheria. Au mbaya zaidi, hahami; anabaki jina kwenye orodha ya kitivo ambacho haingii tena, minervali inaliwa na kodi ya nyumba, na miaka inapita mpaka mtu wa nyumbani afike Kasongo siku moja kuulizia matokeo. Kwa wasichana adhabu huja haraka zaidi. Binti akisema masomo haya hayanifai, wapo wanaosikia kwamba masomo yote hayamfai, na mazungumzo ya kumwoza huanza wiki hiyohiyo. Mzazi anayefanya hivyo anapaswa kujua kwamba anawafundisha wadogo zake binti huyo kutosema ukweli.

Njia ya kusema ipo, na ni ya kwetu. Kijana hapeleki habari nzito moja kwa moja kwa baba. Huanza na mkubwa anayemwamini, shangazi au mjomba, na huyo ndiye humtangulia. Aende na karatasi mkononi: hati yake ya matokeo, jina la fani anayoitaka, gharama yake, na miaka itakayobaki. Aseme kwa adabu: “Baba mdogo, najua mlivyojinyima. Nimekuja kuwaeleza kabla fedha nyingine hazijapotea.” Mzee aliyetanguliziwa hesabu namna hiyo atagomba, lakini atasikiliza. Mzee aliyegundua baada ya miaka mitatu hatasikiliza tena, na hatamlipia mtoto anayefuata.

Krediti na mlango uliofunguka nusu

Kuna jambo moja limebadilika kwa upande wa vyuo, na wazazi wengi hawajaelezwa. Tangu mwaka wa masomo 2021–2022, chini ya Muhindo Nzangi Butondo, aliyekuwa waziri wa elimu ya juu, vyuo vya Kongo vilitakiwa vyote kuingia mfumo wa LMD: lisansi, masta na udaktari. Katika mfumo wa zamani mwaka ulihesabiwa kama kitu kimoja. Ukifaulu unapanda, ukiacha kitivo unaacha na mwaka wote. Katika LMD masomo hupimwa kwa krediti, 30 kwa muhula na 60 kwa mwaka, na lisansi hutimia kwa krediti 180. Krediti uliyokwisha kuipata ni yako, na msingi wa mfumo ni kwamba inaweza kuhamishwa.

Kwa anayetaka kubadili fani maana yake ni kubwa. Mwaka wa kwanza una masomo ambayo karibu kila kitivo kinayafundisha: elimu ya uraia, Kifaransa, Kiingereza, kompyuta. Aliyeyafaulu katika usimamizi hana sababu ya kuyarudia katika afya ya jamii. Anayetoka uchumi kwenda kilimo ana takwimu zake. Anayetoka biolojia kwenda uuguzi ana zaidi. Anayetoka sheria kwenda udaktari hana karibu chochote cha kubeba, na aambiwe hivyo bila kufichwa.

Mlango huo umefunguka nusu kwa sababu mfumo ulioandikwa unahitaji ofisi inayoutekeleza. Kenya, anayetaka kuhama hutuma ombi kwa njia ya mtandao wa KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo, na fani anayoitaka ina alama zinazojulikana. Akizifikia na nafasi ikiwepo, huhama. Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kina utaratibu wake wa kubadili programu mwanzoni mwa mwaka, na tarehe zake hutangazwa. Taratibu hizo zina malalamiko yake, lakini mwanafunzi anajua mlango uko wapi. Kwetu habari kama hizi husambaa kwa mdomo, kutoka kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu hadi kwa mgeni, na kila anayesimulia ana tarehe yake na bei yake. Kijana aliyetoka kijijini bila ndugu ofisini hujikuta amechelewa kabla hajaanza.

Dhahabu isichague fani

Nimewataja wanaochimba Salamabila, na siwezi kuandika juu ya masomo ya Kabambare bila kuisemea dhahabu. Mgodi wa Namoya wa hukohuko Salamabila, wa kampuni ya Banro kutoka Kanada, ulianza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Mwaka 2019, katika eneo lenye makundi yenye silaha, kazi zilisimama. Kijana aliyeingia chuo 2016 akisomea jiolojia au uchimbaji kwa kuutazama mgodi ule peke yake, mwaka 2019 alikuwa ndiyo kwanza anamaliza gradua.

Jiolojia ni sayansi nzuri, na nchi yenye madini kama yetu inahitaji wataalamu wake yenyewe. Anayeipenda ashike njia hiyo kwa moyo wote. Ninachokipinga ni kuhama fani kwa kufuata ajira inayong’aa leo. Kampuni hufika na kuondoka kwa maamuzi yanayofanywa mbali sana na mto Luama, wakati masomo huchukua miaka mitano.

Na zipo fani ambazo haja yake haijaisha tangu wazee wetu wakiwa vijana. Wengi hawajui kwamba jina la Kasongo linajulikana kwa wataalamu wa afya ya jamii duniani. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Tropiki ya Antwerp ilifanya kazi hapa na waganga wa Kongo, wakijenga mtandao wa vituo vya afya unaoegemea hospitali moja. Mwaka 1981 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa kundi hilo juu ya chanjo ya surua na uhai wa watoto wadogo wa Kasongo, na madaktari wa nchi nyingi wameujadili tangu hapo. Mwanafunzi wa Kabambare anayeacha kitivo alichowekwa ili asomee afya ya jamii anarudi kwenye kazi ambayo ardhi hii iliwahi kuifundisha dunia. Vilevile kilimo: mkoa wa mpunga, mihogo na mawese unaosafirisha mazao kwa baiskeli una kazi ya kumpa kila mtaalamu wa kilimo atakayekubali kurudi.

Wewe uliyeko ukumbini sasa na unajua kwamba uko mahali pasipo pako, usingoje mtihani ukuamulie. Kaa kwenye madarasa ya fani unayoitaka kwa wiki mbili, ukitega sikio kwa somo lake gumu kuliko yote, si lile linalopendeza. Ukitoka humo bado unaitaka, chukua hati zako kabla muhula wa kwanza haujaisha, mtafute mkubwa wa kukusemea, na mwambie mlipaji ukweli wote.

Nanyi wakuu wa vyuo vya Kasongo na Kindu, tunawaomba jambo ambalo halihitaji msaada kutoka nje. Kabla ya masomo kuanza, bandikeni karatasi moja kwenye ukuta wa ofisi ya uandikishaji, na nakala yake ipelekwe kwenye shule za sekondari za Kabambare na isomwe redioni kwa Kiswahili. Iseme mwisho wa kuomba kuhama kitivo ni tarehe gani, ombi linapelekwa kwa nani, linagharimu kiasi gani kwa stakabadhi, na ni krediti zipi zitakazohesabiwa. Mzazi anayelipa kwa mawese na mpunga ana haki ya kuijua karatasi hiyo kabla hajalipa.